Shoka na Chaki

Sura ya Saba

Kwa miaka tisa Mama Dorca hakuwahi kukanyaga nyumba ya mwanawe kule Milimani. Alifika Kisumu kwa hospitali, akafika kwa harusi, akafika kununua majembe, na kila mara alilala Manyatta kwa mpwa wake, katika chumba kimoja cha mabati, badala ya kulala kwenye nyumba ya serikali yenye vyumba vinne ambamo mke wa mwanawe alikuwa Mkikuyu. Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwezi wa tano, mwaka wa 1973, Rahabu Mwihaki alipoinua macho kutoka kwenye pasi ya makaa na kumwona mama mkwe wake amesimama penye ua wa michongoma, viatu mkononi na matope hadi kwenye vifundo, aliiweka pasi kando. Alijua ni msiba.

"Kwema, Mama?"

"Kwema. Mzee ako. Bado anapumua." Mama Dorca aliketi kwenye ngazi ya veranda, akakataa kiti na akakataa kuingia ndani. "Nipe maji kwanza. Mguu yangu imekataa."

Rahabu alimletea maji, kisha chai. Bibi yule alikunywa kikombe cha kwanza, akanyoosha mkono aongezwe. Watoto walimchungulia dirishani kama watu wanaotazama mgeni wa heshima, na kwa kweli alikuwa mgeni.

"Nimekuja kuchukua wewe," alisema hatimaye.

"Kunichukua kwenda wapi, Mama?"

"Oketch hajakuambia?"

"Hajaniambia kitu."

Mama Dorca alitikisa kichwa, akacheka kidogo puani. "Wanaume. Huyu analeta maji kwa mji mzima, lakini maneno ya kuambia bibi yake inakwama kwa bomba."

Kisha akamweleza. Kwa Wajaluo, mwana hawezi kuzeeka ndani ya boma la baba yake. Hufika siku akatoka kwenda kuanzisha dala, yaani boma lake mwenyewe, na siku hiyo ina taratibu zake. Baba humwongoza asubuhi mpaka kwenye kiwanja kipya. Mwana hubeba jogoo, kifungua mimba wake hubeba shoka, na mke wa kwanza hubeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, wakalala ndani yake, na mke havuki lango mpaka siku nne zipite. Mke asipokuwapo, hakuna dala. Na kaka mkubwa asipokuwa na dala, wadogo zake wote hukaa wakingoja kama ng'ombe waliofungiwa zizini.

"Mimi nilikataa wewe," alisema Mama Dorca, akiangalia matope miguuni pake. "Sitasema uongo. Nilisema huyu nyar Okuyu, huyu binti ya Wakikuyu, atapotea na mtoto yangu. Lakini Mzee hafiki mwezi ya sita. Anataka kushika mkono ya Oketch, aonyeshe yeye pahali. Na Oketch hawezi kwenda bila wewe. Kwa hivyo nimekuja mwenyewe. Jumatatu asubuhi, nyara."

Nyara. Binti yangu. Rahabu hakujua Kijaluo kingi, lakini neno hilo alikuwa amelingoja tangu siku ya arusi yake, alipopita mbele ya mama huyu akageuziwa mgongo. Sasa limekuja na matope miguuni, limekunywa chai yake vikombe viwili. Machozi yalimlenga. Akageuka kuyaficha, na alipogeuka akaiona blauzi nyeupe juu ya meza ya kupigia pasi.

Blauzi ile ilikuwa ya Jumatatu.

Tangu mwaka wa 1964 Rahabu alikuwa na shahada ya sanaa kutoka chuo kikuu cha Nairobi: historia na fasihi. Baba yake, Mzee Irungu, mwenye duka la misumari na mabati mjini Kisumu, aliwatangazia wateja wake mpaka wakachoka, na mmoja akamwuliza kama basi binti atamchongea kigoda. Lakini ile shahada haikupata kazi hata ya kuchonga kigoda. Aliolewa mwezi ule ule aliohitimu. Akaja Simeoni, akaja Beldina, akaja wa tatu aliyekuwa akiugua kifua kila mvua iliponyesha, na kila mwaka Rahabu alisema, mwaka ujao. Mdogo alipoanza shule ya chekechea, aliandika maombi. Shule tatu hazikumjibu. Ya nne ilimwuliza amekuwa akifanya nini miaka tisa, akasema kulea watoto, wakamshukuru kwa kufika.

Ya tano ilimchukua. Mwalimu mkuu wake, Bi. Nabalayo, mama mmoja Mbukusu mnene asiyetabasamu ovyo, alimwandikia kwa mkono wake: aripoti siku ya kufungua shule, Jumatatu, saa mbili kamili. Barua ilikuwa imefika jana.

* * *

Walter Oketch, mumewe, mtu wa idara ya maji, alirudi saa kumi na moja, gari lake limejaa misumari na bawaba. Alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ya chini, na mpaka leo Rahabu aliposikia mlango wa ile Peugeot ukifungwa, kitu fulani kifuani pake kiliinuka kwenda kumlaki. Miaka tisa haikukiua. Hilo ndilo lililomtia hofu.

"Nimemkuta Mama hapo veranda," alisema Walter, akivua kofia. "Kumbe amekunywa chai yako."

"Vikombe viwili. Ameniita binti yake."

Uso wa Walter ulifunguka kama wa mtoto. Alimjia, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili yenye harufu ya chuma. "Nilikuambia. Si nilikuambia siku hiyo itafika?"

"Jumatatu, Baba Simeoni."

Mikono ikateremka taratibu. Aliitwa Walter siku njema. Baba Simeoni alikuwa ni mtu mwingine, mtu wa kesi.

"Ni wazee waliotaja siku, Rahabu."

"Walikupa siku ngapi?"

Walter alikwenda dirishani. Chini huko ziwa lilikuwa na rangi ya risasi, na mvua ilikuwa ikija juu yake kama ukuta unaotembea.

"Nimekuuliza walikupa siku ngapi."

"Mbili."

"Ya pili ni ipi?"

"Alhamisi hii iliyopita."

"Na Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi. Wakubwa walikuja kutoka Nairobi, tukakagua mitambo. Likizo yangu inaanza Jumatatu."

"Na ulijua shule zinafunguliwa Jumatatu. Ulinipeleka kwenye usaili kwa gari lako. Ulinifungulia mlango, ukaniambia kola yangu imekaa upande."

"Nilijua."

"Basi?"

Aligeuka akamtazama. Walter hakuwa mwongo, na siku ile Rahabu alitamani awe mwongo, japo kwa dakika moja.

"Sikudhani watakuchukua," alisema.

Mvua ikafika. Ilipiga mabati kwa mkupuo mmoja, na kwa muda wakasimama wakitazamana bila kuweza kusikilizana. Iliposhuka kidogo Walter alikuwa bado anazungumza, kwa upole, kama mtu anayefunga kidonda.

"...vijana waliotoka chuoni jana tu, wako wengi. Wewe miaka tisa hujashika chaki. Nilifikiri utajaribu, watakataa, halafu nitakufariji. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno."

"Maneno gani?"

"Rahabu, tafadhali."

"Niambie. Yalikuwa yangu, si ndiyo? Nataka kuyasikia."

Walter akatazama sakafu. "Ningekuambia kwamba mimi najua thamani yako, hata kama wao hawaijui."

Rahabu alicheka, na kicheko kile kilimtisha Walter kuliko kilio. Akaenda mezani, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akaanza kusema polepole, macho yamefumbwa, maneno ambayo Walter mwenyewe alikuwa ameyaandika nyuma ya karatasi ya mtihani, akampenyezea chini ya mlango wa bweni, siku ambazo wote wawili walikuwa na njaa na furaha:

*Rahabu nyota ya ziwa, mwanga wako wanitosha,*
*Bila wewe napotewa, kiza kinanizungusha,*
*Kalamu uliyopewa, kamwe sitaikausha,*
*Hata tukishajaliwa, watoto wa kutuchosha.*

"Acha," alisema Walter.

"Nani aliyeandika hayo?"

"Ni mimi."

"Uliniamini wakati huo, nikiwa sina hata shahada. Uliacha lini? Nitajie mwaka. Ni mwaka wa kuzaliwa Beldina? Ni ule mwaka nilionenepa?"

"Si mambo ya kuacha kukupenda."

"Sikukuuliza kupenda. Kupenda nakuona unanipenda, unaniletea samaki, unanikanda miguu. Nimekuuliza kuniamini."

Walter alikuja nyuma yake, akaweka paji lake la uso kwenye kisogo cha Rahabu, na Rahabu hakusogea. Wakakaa hivyo. Angepita mtu dirishani angesema hawa ni maarusi.

"Nitaingia dala," alisema Rahabu kwa sauti ndogo. "Nitabeba huo moto. Nitalala pale. Nawe utanileta mjini kila asubuhi, unirudishe jioni. Siku nne tu."

"Huruhusiwi kuvuka lango kabla ya siku nne. Unajua. Ukivuka ni sawa na kulivunja."

"Basi tusogeze mpaka likizo fupi ya katikati ya muhula."

"Jogoo ameshatajwa, siku imeshatajwa. Hakuna anayeirudisha siku nyuma ikishatajwa, hata baba yangu hawezi. Na baba yangu, Rahabu... Nilimwinua jana kumpeleka uani. Ni mwepesi kama kuni kavu."

"Na nisipokuja?"

Akamwachia. Alichukua kofia yake, akaizungusha mikononi.

"Kuna msichana wa kule Pap Onditi, karibu na kwetu. Seline. Binti wa fundi cherehani. Wazee wamesema mke wa kwanza asipokuja, yeye ataubeba moto, aingie yeye, awe ndiye mwenye boma. Nicodemus na wajomba walikwenda kwa baba yake Jumapili iliyopita."

"Na wewe Jumapili ulikuwa wapi?"

Nicodemus alikuwa mdogo wake, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kujenga. Walter angeweza kumtupia mzigo wote, lakini hakumtupia.

"Nilikuwa pale. Niliketi nao. Sikusema ndiyo."

"Ulisema hapana?"

Mvua ilikuwa imepita. Matone yalidondoka kutoka kwenye kingo za paa, moja, moja, moja, na Walter Oketch, aliyeweza kuwagombeza vibarua mia kwa sauti yake, hakupata sauti ya neno moja.

"Mimi sitakuwa wa pili kwenye boma lako," alisema Rahabu. "Ukiingia na mwingine, mimi na wewe tumekwisha. Nisikilize vizuri, nisije nikaambiwa sikusema."

* * *

Jumapili, baada ya kanisa, alikwenda nyumbani kwa Bi. Nabalayo. Alimkuta akipepeta mtama, kitambaa kichwani, kama mama wa kawaida yeyote. Akamweleza yote, asifiche kitu, akaomba siku nne.

Bi. Nabalayo aliweka ungo chini.

"Mwanangu, waliniuliza ofisini kwa nini nachukua mama wa watoto watatu na kumwacha kijana mwenye shahada ile ile. Niliwaambia huyu mama alinieleza vita vya kale kwa dakika kumi, nikasahau chai yangu ikapoa. Nikasema nitajibu mimi kwa jina langu. Yule kijana bado yuko mjini. Wamemwambia afike kesho saa tatu, kama itatokea nafasi." Akamtazama kwa huruma isiyokuwa na njia. "Sina siku nne. Ningekuwa nazo ningekupa. Sina hata asubuhi moja."

"Ungekuwa mimi, Mama, ungefanya nini?"

"Mimi sikuolewa," alisema Bi. Nabalayo. "Usiniulize mimi."

* * *

Jumatatu kulipambazuka kweupe, mawingu yote yameoshwa. Gari lilikuwa limewashwa tangu saa kumi na mbili. Simeoni aliketi nyuma na shoka jipya magotini, amejaa fahari, hajui chochote. Mama Dorca alikuwa kando yake. Jogoo alikuwa ndani ya kikapu. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mlango wake uko wazi.

Rahabu alitoka amevaa ile blauzi nyeupe.

Walter, aliyekuwa ameegemea boneti, aliitazama blauzi, akatazama sketi ya kijivu, akatazama vitabu vitatu alivyovikumbatia, na Rahabu aliona macho yake yakipita kote humo yakitafuta dalili moja tu ya kwamba bado kuna njia. Yalipofika usoni pake yakaishiwa.

"Umependeza," alisema.

"Asante."

"Kola yako imekaa upande."

Akainua mkono kuirekebisha, kama alivyoirekebisha siku ya usaili, lakini safari hii vidole vilifika shingoni na havikuondoka. Rahabu aliinamisha shavu lake juu ya mkono ule. Alihesabu pumzi tatu. Aliijua harufu ile, aliujua ule ugumu wa kidole gumba kilichopondwa na spana mwaka wa Beldina. Kila kitu cha mkono ule alikijua kuliko vitabu vyake.

"Sema neno moja," alimnong'oneza. "Sema utaingia na mimi au hutaingia kabisa. Mimi kazi hii nitakwenda, lakini nitajua. Nitakungoja hata miaka kumi bila boma, nilale nyumba ya serikali mpaka nizeeke."

"Baba yangu anakufa, Rahabu."

"Najua."

"Amenilea. Ananingoja pale langoni kwake amekalia ngozi, anashikiliwa na watu wawili asianguke. Nimwambie nini?"

Alikuwa akilia. Rahabu hakuwahi kumwona akilia, hata mtoto wa tatu alipokuwa karibu kuwaponyoka. Na jambo la kutisha lilikuwa kwamba hakumwona kuwa mbaya. Laiti angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamtupa kama maji ya kuoshea vyombo, unarudi ndani.

"Hakuna la kumwambia," alisema. "Nenda. Beldina na mdogo wake wakitoka shule nitawapeleka kwa baba yangu. Simeoni akimaliza kazi ya shoka, unirudishie."

"Nitamrudisha. Wikendi."

"Avae sweta jioni."

"Atavaa."

Mama Dorca alishusha kioo cha gari. Alimtazama Rahabu kwa muda mrefu, tangu viatu mpaka vitabu.

"Mimi nilitaka kusoma," alisema. "Nilitaka tu kusoma barua ya mtu yangu akiwa huko vitani, si kupeleka kwa jirani anisomee. Lakini niliambiwa ingia dala, nikaingia." Akashika ukingo wa dirisha. "Sitakulaani. Lakini leo hatuwezi kungoja wewe."

"Najua, Mama."

Walter aliingia. Ule mlango wa upande wa pili ulibaki wazi, na kwa kitambo hakuna aliyeugusa. Kisha akajinyoosha juu ya kiti kitupu, akaufunga kutoka ndani. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mgonjwa amelala.

* * *

Kidato cha Tatu walikuwa wasichana thelathini na wanane. Walisimama pamoja alipoingia, madawati yakakwaruza, na Rahabu akasahau kila alichokuwa amekipanga kusema. Alichukua chaki ikavunjika. Akachukua nyingine.

"Nani anaweza kuniambia," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba, "kwa nini watu huandika historia?"

Msichana wa nyuma akainua mkono nusu. "Ili watoto wafeli mtihani, Mwalimu."

Darasa likacheka, kisha likaogopa, likamtazama atafanyaje. Rahabu naye akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakikataza, na baada yake maneno yakaja: kwanza moja moja, halafu kwa mafungu, halafu kama mto uliokuwa umezibwa kwa magogo. Aliwasimulia juu ya wafalme na makabaila na akina mama wasioandikwa popote. Aliwauliza, wakajibu, wakabishana, msichana mmoja mfupi akasimama juu ya benchi ili asikike. Hakutazama saa hata mara moja. Hakuna chochote kilichokuwa kimekauka ndani yake. Miaka tisa yote, kila hadithi aliyowasimulia watoto wake wakila uji, kila swali la kwa nini na vipi alilowajibu akiosha nepi, vyote vilikuwa vimekaa mahali pake vikingoja.

Kengele ilipolia wasichana walinung'unika.

Alitoka kwenye veranda, mikono imejaa vumbi jeupe, uso unamwaka moto. Bi. Nabalayo alikuwa amesimama nje ya mlango. Alikuwa amesikiliza tangu mwanzo.

"Vipi, Mwalimu?"

"Nimeweza," alisema Rahabu. "Mama, nimeweza. Ngoja nim—"

Akakoma. Miguu yake ilikuwa imeshapiga hatua moja kuelekea ofisini, kwenye simu, kupiga namba ya idara ya maji aliyoijua kwa moyo. Furaha ilikuwa imekwisha kumchagulia mtu wa kuambiwa, mtu mmoja tu duniani, kama ilivyomchagulia kila mara tangu alipokuwa na miaka ishirini. Na mtu yule, saa ile, jua likiwa limesimama pale lilipo, alikuwa kwao Nyakach, kwenye nyasi zilizofyekwa, baba yake amemshika mkono, na nyuma yake msichana wa fundi cherehani akitembea taratibu, amekinga makaa yasizimwe na upepo.

Bi. Nabalayo alitoa leso yake, akamfuta chaki shavuni.

"Kidato cha Pili wako chumba cha mwisho," alisema. "Wana kelele kidogo."

Rahabu alivipanga vitabu vyake mkononi, akaenda.